Uaminifu wa Rafiki na Siri ya Msumeno

Swali: Msomaji wa Olmotonyi anauliza iwapo Mkristo anapaswa kumtunzia siri rafiki anayekata miti ya shamba la serikali bila kibali.

Jibu: Urafiki wa Yonathani na Daudi, katika Samweli wa Kwanza sura ya 18 na 20, ulisimama juu ya agano, yaani ahadi inayofungwa mbele za Mungu, lakini Yonathani alimsaidia kujificha mtu asiye na hatia, kwa hiyo kisa hicho, ambacho hupendwa mno na wanaofichiana makosa, hakiwezi kuukinga msumeno unaoingia usiku katika misindano ya shamba hilo la Meru. Mathayo 18:15-16 huelekeza kwamba mkosaji aendewe faraghani, pasipo kusengenywa kwanza baada ya ibada, na asiposikia waitwe shahidi mmoja au wawili. Ikiwa mbao za miti hiyo zinamlipia mkosaji ada ya mtoto, onyo lisiloambatana na msaada wa ada ni jepesi mno. Mkosaji akikamatwa, rafiki yake anaweza kumwekea dhamana na kuipelekea familia yake unga, ilhali akiulizwa na bwana misitu hataruhusiwa kudanganya.