SOMO: KIFARANGA HULA ANACHOKANYAGA



Wengi wenu mmeanza kuku, na wengine mnachanga pesa za kuanza. Somo la leo ni juu ya wiki mbili za kwanza tu, maana hapo ndipo pesa za kikundi hupotea. Chanjo tutaiweka kando, ni somo lake peke yake. Tutaangalia chakula cha kifaranga na kile anacholalia. Watu hufikiri hayo ni mambo mawili tofauti. Na sisi tulifikiri hivyo, mpaka tulipofundishwa na kikundi kimoja cha akina mama ambacho jina lake hatutalitaja.

Akina mama hao waliweka pesa za merigoraundi miezi minane, wakanunua vifaranga 100 wa siku moja. Sisi ndio tuliokuwa tumewafundisha. Kwenye semina tulisema, "Tandikeni takataka za mbao," kisha tukakimbilia mambo mengine kwa sababu saa zilikuwa zimekwisha. Basi wao wakaenda kwa mashine ya kupasua mbao, wakapewa bure magunia manne ya unga wa mbao, ule laini. Vifaranga walifika jioni wakiwa na kiu na njaa. Wakawekwa juu ya ule unga, na chakula kikanyunyizwa hapo hapo chini ili kila mmoja apate. Siku ya tatu wakaanza kufa. Kufikia siku ya sita walikuwa wamekufa 38.

Tulipofika tulikuta maneno. Vifaranga walikuwa wamewekwa kwa nyumba ya mweka hazina, na tayari wengine walikuwa wanasema kuna mkono wa mtu. Mama wa watu alikuwa amekaa kwa mlango analia. Mzee mmoja akatuuliza, "Walimu, hii si kurogwa?" Tuliomba kisu, tukapasua watatu waliokufa asubuhi ile, watu wote wakiangalia. Firigisi zilikuwa zimejaa unga wa mbao, umeshikana kama ugali wa jana. Chakula kilikosa mahali pa kupita. Mkono wa mtu kama ulikuwapo, ulikuwa wetu sisi walimu tuliosema neno moja bila kulieleza, na tuliwaambia hivyo mbele ya mweka hazina.

Sasa tulieleze. Kifaranga wa siku moja hana mama wa kumwonyesha hiki ni chakula na hiki si chakula. Anadonoa kila kitu kidogo kilicho chini ya miguu yake. Kwa hiyo ukichagua matandiko, ujue umechagua na chakula.

Kinachofaa ni maranda, yale yanayojikunja yanapotoka kwa randa ya seremala. Hayo ni makubwa, kifaranga hawezi kuyameza kwa urahisi, na hunyonya maji vizuri. Mwaga unene wa vidole vitatu au vinne. Muulize seremala kama mbao zilitiwa dawa ya mchwa. Kama zilitiwa, yaache hapo hapo hata kama ni ya bure. Wale walio karibu na mashamba ya mpunga, kama Mwea, wanaweza kutumia maganda ya mpunga. Nyasi kavu zikatwekatwe fupi, maana zile ndefu hushikana na kuoza chini. Gazeti tupu halifai. Linateleza, na kifaranga anayeteleza siku za kwanza miguu yake hufunguka pande mbili, asiweze kusimama tena.

Siku mbili tatu za kwanza tandika juu ya maranda karatasi ngumu isiyoteleza, au gunia safi la katani, na umwage chakula kidogo hapo juu. Wakishajua chakula ni kipi, ondoa, weka chakula kwa sahani zisizo na kina. Lakini kabla ya chakula wape maji. Kifaranga huja na akiba ya kiini cha yai tumboni inayoweza kumshikilia siku mbili hivi au tatu, ndiyo sababu wanaweza kusafirishwa kutoka mbali. Kiu haimngojei hivyo. Chovya midomo ya wachache kwenye maji, wengine wataiga. Tia changarawe safi ndani ya sahani ya maji wasije wakazama.

Chakula chenyewe kiwe mashi ya vifaranga. Mmoja hula karibu kilo 2 mpaka afikishe wiki nane, kwa hiyo vifaranga 50 ni kilo 100. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kununua kuku, si baada. Tumeona kikundi kikiishiwa wiki ya tatu, kikaanza kuwapa mashi ya kuku wa mayai. Hiyo ina chokaa nyingi ya kutengeneza maganda ya mayai, na huharibu figo za kifaranga.

Kisha kuna kuvu. Hapa tunaomba msikilize sana, kwa sababu ni desturi yetu karibu kila boma: mahindi mazuri ni ya watu, yale yaliyoota kuvu ni ya kuku. Mwaka wa 2004 watu 125 walikufa Ukambani na sehemu za jirani kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, aflatoksini. Kuipika hakuimalizi. Sumu hiyo yenyewe wataalamu waliitambua baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka wa 1960 kwa kulishwa mashudu ya njugu yaliyoota kuvu. Maini ya kifaranga ni madogo sana kwa mzigo huo. Na matandiko yakiota kuvu, hata asipoyala huvuta vumbi lake, akaanza kuhema mdomo wazi. Hiyo watu huita homa.

Matandiko yakilowa huleta pia kuhara damu. Kila asubuhi chukua konzi ya maranda karibu na sahani ya maji, ikamue. Ukifungua mkono ikabaki donge, imelowa. Itoe, weka kavu. Inama pia mpaka kimo cha kifaranga unuse. Macho yako yakiwasha, yake yanawasha zaidi.

Joto tuseme kwa ufupi: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia ukingoni na kuhema ni moto mno, wakiegemea upande mmoja kuna upepo unaoingia. Zungushia kadibodi kwa duara, kwa kuwa penye pembe hukanyagana.

Wale 62 wa akina mama walihamishiwa kwenye maranda siku ile ile. Walipona 57. Mweka hazina bado ni mweka hazina.

Ya kujadili kikundini: Katika eneo lenu, maranda yanatoka kwa seremala gani, na nani ataenda kumwuliza juu ya dawa? Mahindi ya kuvu mliyotenga msimu huu yako wapi sasa, na ni mnyama gani anayeyala?