Kipimo cha Jeni na Bima Yako

Tuseme unaishi Ruiru, na ulipopimwa damu hospitalini mjini Thika uliambiwa umebeba jeni moja ya selimundu. Wewe si mgonjwa. Lakini mwenzako akiwa nayo pia, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Je, kampuni ya bima yaweza kukuongezea malipo kwa sababu hiyo?

Bima ya umma chini ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, hutoza asilimia 2.75 ya mapato, si kwa kutazama jeni. Wasiwasi uko kwa bima za kibinafsi. Sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa virusi ndipo apewe bima, jeni haizigusi. Marekani ilizikinga katika bima ya afya mwaka wa 2008. Hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za jeni kuwa nyeti.

Ufanyeje basi? Usidanganye kwenye fomu, kwani bima yaweza kubatilishwa. Mwombe daktari aandike wazi kwamba kubeba jeni si kuugua. Kabla ya kutia sahihi, uliza ni nani atakayeyaona majibu yako. Yakitumiwa vibaya, mshtakie Kamishna wa Ulinzi wa Data.