Kabla ya Tarehe Mosi

Mara ya kwanza nilipojaribu kuandika riwaya kwa mwezi mmoja, nilikwama tarehe 6. Hadithi nilikuwa nayo. Nilikuwa nimemtoa binti Korogwe, nikampandisha basi la Dar es Salaam, akashuka stendi usiku na begi lake, na hapo ndipo nilipogundua kuwa sijui anakwenda kwa nani. Kwa shangazi yake, sawa. Shangazi yupi? Anakaa mtaa gani, anaishi na nani, na kwa nini hakuja kumpokea? Siku tatu nzima nikawa natafuta nyumba ya shangazi. Ya nne nikaacha.

Tangu hapo nimemaliza rasimu mbili kwa mtindo huo huo wa mwezi mmoja. Sikupata kipaji kipya. Nilichofanya ni kuzihamisha zile siku tatu za kumtafuta shangazi, na nyingine nyingi za aina yake, nikazipeleka kwenye wiki nne za kabla.

Kazuo Ishiguro, mwandishi Mwingereza aliyezaliwa Nagasaki, amesimulia jinsi alivyoandika rasimu ya The Remains of the Day kwa wiki nne. Alikaa mezani tangu saa tatu asubuhi hadi saa nne na nusu usiku, Jumatatu hadi Jumamosi, hapokei simu, hajibu barua, na mkewe akabeba zamu yake ya kupika na kufanya usafi. Wengi wanaoisimulia habari hii huishia hapo, kwenye ushujaa. Lakini yeye mwenyewe alisema pia kwamba kabla ya kuanza alikuwa amekwisha soma rundo la vitabu kuhusu watumishi wa majumba makubwa ya Uingereza, na kuhusu siasa za miaka ya kati ya vita viwili vya dunia. Alipojifungia, alikuwa na cha kujifungia nacho. Nami nitaongeza jambo moja: wengi wetu hatuna mtu wa kubeba zamu zetu mwezi mzima, kwa hiyo maandalizi yetu hayana budi kuwa makubwa kuliko yake.

Anza na hesabu, maana ndiyo inayowaumiza wengi. Maneno 50,000 kwa mwezi ni kipimo kilichotoka Marekani. Mwaka 1999 Chris Baty na wenzake, watu 21 kwa jumla, walishindana kuandika riwaya kwa mwezi huko eneo la San Francisco. Mwaka uliofuata wakahamishia zoezi lao Novemba, likaenea duniani kwa jina la NaNoWriMo. Shirika lililokuja kuliendesha lilitangaza mwaka 2025 kwamba linafunga, ila kipimo kimebaki: maneno 1,667 kila siku kwa siku 30.

Kipimo hicho kilikatwa kwa mwili wa Kiingereza. Kiswahili hufunga mzigo mkubwa ndani ya neno moja. "Hawakumpigia" ni neno moja, na Mwingereza atahitaji matano kusema jambo lile lile. Ukijilazimisha kufika 50,000 kwa Kiswahili utakuwa umeandika kitabu kirefu kuliko cha mwenzako wa California, au, kama ilivyonitokea mimi, utaanza kujaza "kwa kweli" na "kwa hakika" ili namba ipande. Isitoshe, riwaya za Kiswahili zilizotikisa watu si lazima ziwe nene. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ni vitabu vyembamba. Msomaji akipanda navyo basi Dar atakuwa amemaliza kimojawapo kabla ya Dodoma. Mimi nimejiwekea 36,000.

Sasa zigawe, lakini usigawe kwa 30. Mwezi usio na msiba wala kikao cha harusi sijauona bado. Kuna mtoto atakayeamka na homa, kuna siku ya umeme kukatika tangu asubuhi, kuna mgeni atakayepiga hodi na kukaa siku mbili. Chukua kalenda, futa siku sita kabla hujaanza. Zinabaki 24, na 36,000 kwa 24 ni 1,500. Siku sita hizo usizipangie tarehe, zitajipanga zenyewe.

Kuhusu mwezi wenyewe, Desemba uuache. Wageni na safari za nyumbani vitaumeza. Ramadhani ina maoni mawili: najua watu wanaoandika vizuri mno kati ya daku na alfajiri, na najua wengine ambao kufikia saa tisa alasiri hawawezi kuandika hata jina lao. Mwalimu atafute likizo. Mkulima asijaribu wakati wa palizi.

Kisha pima kasi yako. Jioni tatu tofauti, kaa nusu saa, andika kitu chochote kisichohusu riwaya yako: ugomvi uliousikia kwa jirani, harufu ya duka la dawa za asili, chochote. Hesabu maneno. Ukipata kama 400 kwa nusu saa, basi 1,500 ni karibu saa mbili. Ukiandika kwa dole gumba kwenye simu na kupata 250, ni saa tatu. Afadhali kujua mapema kwamba unahitaji saa tatu kuliko kujilaumu kila usiku kwa uvivu usio nao. Wanaoandika kwenye kaunta buku wahesabu maneno ya mistari kumi, wapate wastani wa mstari mmoja, kisha wahesabu mistari tu. Kazi ya kuhesabu neno moja moja ni kisingizio kizuri sana cha kutoandika.

Hizo saa mbili au tatu zitatoka wapi? Hapa hakuna ujanja, ni kuaga. Waambie wa nyumbani kama unavyowaambia ukisafiri: natoka tarehe fulani, narudi tarehe fulani. Tarehe ya kurudi ndiyo inayowapa subira. Kama mna chumba kimoja cha kupanga, chagua saa ambayo wengine wamelala na uiheshimu hata siku ambayo huna la kuandika. Usitangaze kwenye status ya WhatsApp. Pongezi za watu 40 hukufanya ujisikie umeshamaliza. Mtafute mtu mmoja wa kumtumia namba. Mimi nilimtumia rafiki yangu fundi cherehani kila usiku: 1,420, 1,610, 300. Hakuwahi kuuliza hadithi inahusu nini. Siku ya 300 alijibu kwa alama ya kuuliza tu, na ilinichoma vya kutosha.

Tukija kwenye hadithi yenyewe, yapo mambo ambayo huhitaji kuyajua kabla ya tarehe mosi: jina la kitabu, idadi ya sura, jalada. Na yapo machache ambayo usipoyaamua yatakusimamisha njiani.

La kwanza ni mwisho. Si lazima uwe mwisho sahihi, uwe mwisho tu: nani amebaki, nani ameondoka, nani amejua alichofichwa. Utaubadilisha ukifika, lakini dereva anayejua anaenda Mbeya hababaiki Chalinze.

La pili ni msimulizi, na hapa Kiswahili kina mtego wake. Nafsi yetu ya tatu haibagui mwanamume na mwanamke. Ukiwa na watu wawili chumbani na ukaandika "alimwambia kwamba amemkosea", nani kamkosea nani? Utalazimika kurudia majina kila mstari wa pili, au kuwaita "yule mama" na "yule kijana", na ukichoka utachanganya. Nafsi ya kwanza inapunguza tabu hiyo, ila inakufungia ndani ya kichwa kimoja. Andika ukurasa mmoja kwa njia zote mbili, mwezi haujaanza, usome kwa sauti. Vivyo hivyo na njeo. "Akaamka, akanawa, akavaa, akatoka" ni mwendo mzuri wa hadithi ya jioni, lakini kurasa 150 za "aka" humtia msomaji usingizi. Amua mapema ni wapi utatumia "-li-", ni wapi "-ka-" itakimbia, na kama utathubutu kusimulia kwa "-na-". Ukianza kuyajadili hayo tarehe 9, utarudi nyuma kusahihisha yaliyopita, na kurudi nyuma ndilo kaburi la rasimu nyingi.

La tatu nalipenda kuliko yote, nalo halimo katika miongozo ya Kiingereza niliyoisoma. Chora jedwali la nani anamwita nani vipi. Kwetu mtu hasemi na mwenzake hewani; anasema na shemeji, wifi, mkwe, mzee, mwanangu, bosi, dada, Mama Zuhura. Mwenye duka anamwita mhusika wako "mwanangu" mwanzoni. Deni likizidi, anakuwa "we kijana". Mke akiwa na amani humwita mumewe Baba Zuhura, na siku akimwita kwa jina lake kamili watoto wanatoka nje wenyewe. Nani anampa nani shikamoo? Nani alikuwa akiipokea na sasa ameacha? Mkwe aliyeamkiwa akanyamaza bila kuitikia marahaba ameshasema kila kitu, na wewe umeokoa aya nzima ya kueleza kwamba amekasirika. Jedwali hilo linachukua jioni moja, na linakuandikia nusu ya mazungumzo.

Ukilichora utaona pia majina yanavyofanya kazi. Jina peke yake litamwambia msomaji dini, na mara nyingi upande wa nchi na hata umri. Usiwape Mwajuma, Mwanahawa na Mwanaidi nyumba moja kama huna sababu. Wewe mwenyewe utawachanganya saa sita usiku. Na uamue watasema Kiswahili gani. Bibi wa Pemba na konda wa Mbagala hawaongei lugha moja. Kama hukuijua lahaja ya mhusika kwa masikio yako, mpe maneno machache ya kweli kuliko mengi ya kubuni.

Mahali napo paendewe mapema. Kama kuna tukio la kesi, nenda ukakae nyuma ya chumba cha mahakama ya mwanzo asubuhi moja. Kwa kawaida kesi husikilizwa hadharani na huhitaji kumweleza mtu umekuja kufanya nini. Kama ni mnada wa samaki Feri, nenda alfajiri, uone nani anapiga bei na nani anabaki na maji ya samaki miguuni. Andika nauli, harufu, maneno ya matusi, rangi ya ndoo. Ndani ya mwezi wa kuandika utafiti ni marufuku: ukikutana na usichokijua, weka nyota tatu mahali pake na uendelee. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na nyota 61. Kuzijaza zote kulinichukua wikiendi moja.

Baada ya hapo kata karatasi, vipande 24, kila kimoja tukio moja la siku moja. Kwenye kipande andika nani yupo, anataka nini, nani au nini kinamzuia, na anatoka hapo akiwa amepata au amepoteza nini. Mistari minne inatosha. Vitandaze mkekani, uvihamishe hamishe mpaka uone tukio linalosukuma jingine. Kipande ambacho mhusika anatoka kama alivyoingia kichane. Vikipungua vikawa 20, usiogope. Vinne vitajizaa katikati ya mwezi, na mara nyingi ndivyo vitakavyokuwa bora kuliko vyote.

Kuhusu vifaa sina mengi. Simu, kompyuta, kalamu, vyote vinaandika. Fyodor Dostoyevsky aliimaliza riwaya ya The Gambler mwaka 1866 kwa siku 26 kwa kumsimulia Anna Snitkina, mwandishi wa hati mkato, kwa sababu mkataba wake na mchapishaji ulikuwa umemkaba koo. Nawe unaweza kujirekodi ukisimulia tukio jikoni, kisha ukaliandika. Mazungumzo hutoka laini zaidi namna hiyo. Lakini nakala ya akiba usiifanyie mzaha. Simu yangu ilichomolewa mfukoni ndani ya daladala tarehe 18, na kilichoninusuru ni tabia ya kujitumia maandishi ya siku kwa barua pepe kila usiku kabla ya kulala. Nilipoteza simu na maneno 90 niliyokuwa nimeyaandika kituoni.

Na usiku wa kuamkia tarehe mosi, usiandike riwaya. Nunua umeme wa LUKU. Chaji kila kinachochajika. Panga vipande vyako kwa mfuatano, jedwali la majina juu yake. Kisha andika sentensi moja tu, ile ya kufungulia tukio la kwanza, na uikatize njiani ili asubuhi ukute kazi imeshaanza na inakungoja umalizie. Yangu, katika mojawapo ya zile rasimu zilizofika mwisho, ilikuwa hivi: "Shangazi alipofungua mlango aliliangalia begi kwanza, kisha"