Akaunti Haina Sura, Laini Ina Kidole

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Mhunze, Shinyanga, pole sana. Mtu asiye na jina kafungua akaunti, kaweka picha ya ua, na kila jioni anaandika kwamba mtoto wako si wa mumeo, kwamba mtaji wa duka lako uliutafuta kwa wanaume huko Katoro. Wanaocheka chini ya maneno hayo ni watu unaosalimiana nao gengeni. Sasa unaniuliza mambo mawili: huyu mtu anaweza kupatikana kweli? Na akipatikana, atafanywa nini?

Nianze na la pili, maana ndilo jepesi. Nchi yetu ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1 mwaka huo huo. Kifungu cha 23 kinamkataza mtu kumtumia mwenzake ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu moyoni. Akitiwa hatiani, faini haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Uongo anaoutangaza juu yako kwa makusudi ya kukuchafua una kifungu chake, cha 16, na adhabu ni hiyo hiyo. Na kwa wale walioniandikia kuhusu mpenzi wa zamani anayetishia kurusha picha za faragha asipolipwa: kusambaza picha za ngono, kifungu cha 14, faini inaanzia milioni 20 au jela kuanzia miaka 7. Msimlipe. Anayelipwa leo atarudi mwisho wa mwezi.

Ila ujue kwamba mahakamani lazima nia ithibitishwe. Ujumbe mmoja wa hasira baada ya kudaiana hela ya kikoba si rahisi kuujengea kesi. Maneno ya kila jioni kwa wiki kadhaa, tena yanayozidi baada ya wewe kuomba yaishe, hayo yana uzito mwingine kabisa.

Sasa swali la kwanza, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu kuna sentensi moja katika ujumbe wako iliyonitia hofu kuliko matusi yote. Umesema mama mkwe anataka mwende kwa mtaalamu, mpige ramli, mjue ni nani.

Usiende. Nakusihi kama dada yako wa tumbo moja.

Sisi wa kanda hii tunajua ramli zimetufanyia nini. Vikongwe wamekatwa mapanga Shinyanga na Geita kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe katika miaka yao yote ya kupikia wengine. Aliyewaonyesha kidole mara nyingi alikuwa mpiga ramli. Januari 2015, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wa aina hiyo. Na Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu enzi za mkoloni, inamhesabia kosa mtu anayemtaja mwenzake kuwa ni mchawi. Kwa hiyo ukitoka kule na jina la wifi yako au la jirani mliyegombana naye mpaka wa shamba, ukalitaja kwenye grupu kuwa ndiye mchawi wako, wewe uliyeonewa ndiye utakayesimama kizimbani. Na aliyetajwa anaweza kupatwa na baya zaidi ya hilo. Mtu akichafuliwa mtandaoni mjini anahama grupu. Akiitwa mchawi kijijini kwetu, anaweza asiione asubuhi.

Najua pia kuna wanaosema mambo haya yaende kwa sungusungu. Sungusungu wamerudisha ng'ombe wengi, nawaheshimu kwa hilo. Lakini hawana namna ya kufungua akaunti ya mtandao. Watabaki kuuliza nani ana chuki na nani, na jibu la swali hilo katika mji kama Mhunze ni watu ishirini.

Polisi wana njia nyingine. Huyo mwenye picha ya ua anajificha kwako wewe na majirani zako. Kwa kampuni ya simu hajajificha hata kidogo. WhatsApp inafunguliwa kwa namba, bando limenunuliwa kwa laini, na laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Kazi hiyo ilianza Mei 2019, na kuanzia Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Sheria ya 2015, kifungu cha 32, inampa polisi uwezo wa kudai taarifa hizo pale anapopeleleza kosa. Wewe ukienda dukani kwa kampuni kuuliza namba ni ya nani, hawatakwambia, na wako sahihi kutokukwambia.

Facebook na Instagram ni kazi zaidi, kwa sababu taarifa ziko kwa kampuni ya Marekani na maombi huchukua muda. Sitaki ufike kituoni ukitegemea jina kesho yake. Lakini wachafuzi wa mtaani hawatulii sehemu moja. Ataanzia Facebook, kisha ataingia WhatsApp kukutumia ujumbe wa moja kwa moja, kwa sababu anataka kuhakikisha umeumia. Siku hiyo ameacha namba.

Kwa hiyo usimblok kabla hujatunza ushahidi. Piga skrinshoti ambayo inaonyesha namba yenyewe. Ukiwa umemsevu kwa jina, fungua taarifa zake namba ionekane. Tarehe na saa zionekane, na jina la grupu. Akituma sauti, ihifadhi. Halafu usifute kilichopo kwenye simu, kwa sababu mahakama huangalia kama ushahidi wa kielektroniki umetunzwa bila kuchezewa, na skrinshoti iliyopita kwenye simu za mashoga watano ina maswali mengi kuliko mazungumzo yenyewe yaliyobaki mahali pake. Kama ni picha yako ya faragha, usimtumie mtu yeyote hata kwa nia ya kuomba ushauri. Mwonyeshe mpelelezi tu.

Nenda kituo cha polisi cha wilaya hapo Mhunze na mtu mzima unayemwamini, ueleze, na usitoke bila RB, yaani namba ya taarifa yako. Kama unaona aibu kusimulia kaunta mbele ya watu, omba Dawati la Jinsia na Watoto. Wakiihitaji simu yako kwa uchunguzi, omba hati ya maandishi inayoonyesha wameipokea. Wasaidizi wa kisheria pia wapo mkoani na hawatozi. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Na anayeonewa akiwa mtoto, namba 116 ni ya bure.

Kuna msomaji mwingine, kijana, aliyeniambia dawa ya haya yote ni kufuta kabisa majina ya bandia mitandaoni. Sikubaliani naye, na namheshimu kwa kuuliza. Muuguzi anayetaka kusema dawa zinauzwa mlango wa nyuma, mchimbaji mdogo anayetaka kusema duara fulani limeanza kutitia na bosi anaendelea kushusha watu, hawa wakitaja majina yao kazi imekwisha. Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, alikamatwa Desemba 2016 na kushtakiwa kwa kuzuia upelelezi, baada ya kukataa kuwakabidhi polisi taarifa za watumiaji wake walioandika kuhusu kampuni fulani. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani katika moja ya kesi zilizomkabili, faini milioni 3 au jela mwaka mmoja. Sheria ni hii hii ninayokutuma ukaitumie, na mimi nasema wazi kwamba katika kesi ile niko upande wa Melo. Anayeficha jina ili aseme ukweli juu ya mwenye nguvu, na anayeficha jina ili amvunje mama mwenye duka la khanga, hawafanyi kazi moja, na sitaki tuwapime kwa mizani moja.

Na wewe unayeiendesha akaunti hiyo, maana huenda unanisoma pia. Usidhani ukiifuta leo umemaliza. Watu wameshapiga skrinshoti. Acha sasa hivi. Tafuta mzazi au mzee wa heshima, mwende kwa uliyemchafua, ukakiri mbele yake na uwaambie wale wale uliowaandikia kwamba ulisema uongo. Huenda atakusamehe, huenda ataendelea na kesi, ni haki yake. Nyinyi mnaopokea na kusambaza kwa wengine “ili wajue”, nanyi mnachapisha. Mwaka 2024, video ya binti wa Yombo Dovya aliyefanyiwa ukatili iliposambaa, polisi walilazimika kuwasihi watu waache kuirusha. Wanaume wanne walihukumiwa kifungo cha maisha kwa ukatili huo Septemba mwaka huo, lakini kila aliyeirusha video ile alimdhalilisha yule binti upya.

Jambo la mwisho linawahusu wote, hata asiye na Facebook. Njia ya laini nayo inaweza kumfikia mtu asiyehusika. Unamjua wakala wa mwavuli pale stendi: “Mama, weka kidole tena, haijasoma.” Bibi anaweka tena, na tena. Anaondoka na laini moja, na wakala asiye mwaminifu anabaki na mbili kwa jina la bibi, anawauzia wasiotaka kujulikana. Siku matusi yanapofuatiliwa, gari la polisi linasimama kwenye mji wa bibi mwenye kitochi. Vivyo hivyo mama aliyemsajilia mwanafunzi laini kwa kidole chake. Upelelezi utaanzia kwake.

Jioni hii chukua simu ya mama, ya bibi, na yako. Piga *106# kwenye kila laini, fuata maelekezo, uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA ya kila mmoja. Namba msiyoitambua, iandike kwenye karatasi, mwende na bibi mwenyewe na namba yake ya NIDA kwenye duka la kampuni ya simu, aseme hiyo si yake, ifungwe. Mkiwa Shinyanga mjini siku ya kliniki, pitieni huko huko.