Tunamlilia Betsy, tunamcheka teja



Hivi karibuni nilikuwa nasomesha vijana juu ya uharamu wa ulevi. Nikawasimulia Dopesick, tamthilia ya Marekani ya mwaka 2021. Humo yumo Betsy, binti anayefanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe, Virginia. Anaumia mgongo, na daktari wake anamwandikia OxyContin. Mwili unaizoea, dozi inapanda, na mwisho anaifuata heroini na kufariki. Daktari Finnix naye, baada ya ajali, ananaswa na dawa hiyo hiyo.

Wahusika hao ni wa kubuni, lakini udanganyifu ulikuwa wa kweli. Dawa hiyo iliingia sokoni mwaka 1996 ikinadiwa kuwa si rahisi kumnasa mgonjwa. Mwaka 2007 kampuni mshirika ya Purdue Pharma, watengenezaji wake, ilikiri mahakamani kosa la upotoshaji huo. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta ya chini imelowa, akamkemea muuzaji. Hapa kilichofichwa kilikuwa ndani ya kidonge.

Vijana walimhurumia sana Betsy. Nikawauliza, na teja wa kituo cha daladala je? Darasa likacheka. Mmoja akasema, "Ustadhi, huyo kajitakia."

Kijana mmoja hakucheka. Baadaye alinifuata akanieleza kuwa kaka yake ni mmoja wao.

Hapo ndipo ninapoona upungufu wa tamthilia ile. Inatufundisha kumhurumia asiye na hatia, aliyeanzia kwa daktari. Lakini unga na OxyContin ni dawa za jamii moja, na uraibu hauulizi mtu aliingilia mlango gani. Arosto ni ile ile, na tiba ipo. Finnix anasaidiwa na Suboxone. Kwetu, Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, dawa inayotuliza arosto ili mtu arudi kazini na kwa familia yake.

Ulevi ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba kumlaani mtu aliyeadhibiwa mara kwa mara kwa ulevi, akawaambia kuwa anampenda Allah na Mtume Wake. Basi ndugu yangu, kabla hujamfukuza kijana wako nyumbani, mpeleke kliniki. Na akija msikitini, mpishe kwenye safu.

Wabillahi tawfiq.