Vidonge viwili kwa hofu moja

SWALI: Daktari, nilinusurika katika ajali ya matatu na lori kwenye barabara ya Namanga, na tangu siku ile nikisikia honi ya lori, hata nikiwa kitandani, moyo hunienda mbio na jasho likanitoka. Hospitalini nilipewa fluoksetini. Mpwa wangu aliye chuoni ananiambia kuwa wataalamu wamechanganya dawa za sonona wakawaondolea panya hofu kabisa. Kaka yangu ana amitriptilini alizopewa kwa maumivu ya neva. Je, nikiongeza kidonge chake kimoja kila usiku, sitapona upesi? Msomaji, Laiser Hill, Kajiado.

JIBU: Pole sana, ndugu yangu, kwa mkasa huo. Vidonge vya kaka yako usivimeze, hata kimoja. Na madhali umewataja panya, yafaa tuanze na hao, kwa kuwa habari aliyokuletea mpwa wako asili yake ni ya kweli, ila imepotoka njiani.

Mwaka 2011 Nina Karpova, Eero Castrén na wenzao wa Chuo Kikuu cha Helsinki, huko Finland, walitangaza utafiti ambao ndani yake panya walisikilizishwa mlio na papo hapo wakatiwa umeme miguuni, hata ikawa wakiusikia mlio ule peke yake hukauka pale walipo, wasijongee. Waliorudishiwa mlio huo tena na tena pasipo umeme walitulia kwa muda, lakini walipopelekwa mahali pa mateso yao ya awali hofu ikawarudia. Walionyweshwa fluoksetini kwa majuma kadhaa pasipo somo hilo, hofu yao ilibaki vile vile. Bali waliopata yote mawili, dawa na somo, walipojaribiwa tena hofu haikuwarejea. Kilichochanganywa, basi, si kidonge kwa kidonge. Kilichobainika ni kwamba dawa huufanya ubongo uwe mwepesi wa kujifunza upya, kama mvua ilainishavyo shamba, na shamba lililolainika bado linamhitaji mpanzi.

Tena panya wa maabara ana hofu moja aliyofundishwa kwa makusudi, wala hana karo ya shule wala deni la sacco. Hofu za wanadamu huwa na mizizi mingi. Baada ya bomu la Agosti 7, 1998 mjini Nairobi, Dkt. Frank Njenga na wenzake waliwahoji watu zaidi ya elfu mbili walioathirika, na zaidi ya thuluthi moja walikuwa na dalili za namna hii yako. Kwa hiyo usijione mnyonge wala mwenye wazimu.

Sasa hatari yenyewe. Fluoksetini huzuia kimeng'enya cha ini kinachoiondoa amitriptilini mwilini, na kwa sababu hiyo kipimo ambacho kwa kaka yako ni kidogo, katika damu yako chaweza kupanda maradufu na kuuharibu mwendo wa mapigo ya moyo. Isitoshe, dawa zote mbili huzidisha serotonini, ambayo ikipita kiasi huleta tetemeko, homa, kuharisha na fazaa ya akili. Tramadoli, ambayo baadhi ya maduka ya dawa huiuza kama peremende, huongeza hatari hiyo hiyo. Wala usidhani kwamba ukiiacha fluoksetini leo utakuwa salama kesho, kwani mabaki yake hukaa mwilini majuma kadhaa. Ni kweli matabibu wa akili mara nyingine huunganisha dawa mbili za sonona, lakini hufanya hivyo kwa vipimo vidogo, wakiupima moyo na kumwangalia mgonjwa kwa karibu.

Unachokikosa wewe ni lile somo. Rudi kwa aliyekuandikia dawa, umwombe akupeleke kwa mtaalamu wa saikolojia anayetibu hofu za ajali kwa mazungumzo na kwa kuikaribia hofu hatua kwa hatua: pengine mwanzo ni sauti ya honi iliyorekodiwa, ikisikika kwa mbali, kisha kusimama stendi ya Kitengela saa ya utulivu, kisha safari fupi ya matatu. Usijaribu peke yako, na fluoksetini usiiache ghafla. Na kama ulikwisha kumeza kidonge cha kaka yako, nawe waona tetemeko, homa au moyo kwenda kombo, nenda leo hii kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, uchukue pakiti zote mbili mkononi.