Msitu Utumikao na Kutunzwa: Mafundisho ya Ngitili

Mwezi huu twapenda kujifunza habari za miti, kwa kuwa hapa Magu hakuna nyumba isiyoihitaji. Mama hutafuta kuni, fundi hutafuta mbao za mtumbwi, mwenye ng'ombe hutafuta malisho wakati wa kiangazi. Wengine husema, "Msitu ukitumiwa utakwisha." Wengine hujibu, "Ukifungwa haufai kitu." Sisi twasema kwamba kutumia na kutunza vyaweza kwenda pamoja, nao wazee wetu Wasukuma waliijua njia yake.

Njia hiyo ni ngitili. Mvua zilipoanza, mahali fulani palifungwa, ng'ombe wasiingie. Majani yakakua, miti ikachipua. Kiangazi kilipozidi, palifunguliwa sehemu kwa sehemu. Lakini siku za ukoloni misitu mingi ya Usukuma ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, na mashamba ya pamba yakaenea. Tena miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vipya, ngitili nyingi zikabaki bila mtunzaji.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI, kwa jirani zetu wa kusini. Wakati ule zilihesabiwa kama hekta 600 tu za ngitili. Kazi ilipokoma mwaka 2004, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Wala si kwamba miti yote hiyo ilipandwa. Mingi ilitoka katika visiki na mizizi iliyokuwa hai chini ya udongo, ikingoja tu kuepushwa na shoka, moto na meno ya mifugo.

Basi, tushike mambo matatu.

Kwanza, msitu uwe na mwenyewe na mipaka. Kule Shinyanga dagashida, yaani baraza la wanakijiji, iliweka amri na faini, na sungusungu wakalinda. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo yaruhusu kijiji kuwa na msitu wake.

Pili, msitu ugawanywe; sehemu moja ikatwe, nyingine zipumzike. Kisiki kisichomwe moto, na machipukizi mawili matatu yaliyonyooka yaachwe yawe nguzo.

Tatu, miti mikubwa kama mkwaju isiguswe. Humo ndege hujenga, nyuki huweka asali, na wachovu hupumzika kivulini.

Liko neno jingine, nalo latuhusu sisi Wakristo. Wengine husema, "Kichaka kile wazee walitambikia, tumebatizwa, basi na tukikate." Nasi zamani tulikubali neno hilo, kichaka kimoja kikakatwa. Kiangazi kilichofuata tuliwaona mama zetu wakienda mbali kutafuta kuni na dawa za miti shamba. Hapo tukajua kosa letu. Matambiko tumeyaacha, lakini mti haukukosa neno. Kivuli kile na kumbukumbu ya wazee vilikuwa urithi wa watoto wetu, nasi tuliutumia siku moja.

Maswali ya kujadili:

1. Katika kijiji chenu, ni wapi visiki vingali hai?
2. Ni nani awezaye kupalinda, na kwa amri gani?
3. Mwaka huu tutakata nini, na tutawaachia watoto nini?